"Lifanyiwe kazi" na nani? Kwa nini barua pepe za ofisini hazieleweki, na namna ya kuziandika zieleweke

Chukua barua pepe hii. Kwa sura moja au nyingine imeshapita katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi:

Yah: RIPOTI
"Habari za kazi. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kama mnavyofahamu, wafadhili wanahitaji ripoti ya robo mwaka mapema. Nimeambatanisha rasimu, naomba muiangalie na kutoa maoni. Pia suala la risiti za safari ya Dodoma lifanyiwe kazi haraka iwezekanavyo. Ahsanteni kwa ushirikiano."

Imeandikwa kwa adabu, haina kosa la tahajia, na imetumwa kwa watu sita. Siku tatu baadaye hali huwa hivi: wawili wamejibu "Sawa". Mmoja amepanga upya koma na nukta. Mwingine amerudisha faili jipya lenye jina "Ripoti_FINAL_mwisho kabisa 2". Meneja alidhani ameletewa asome tu. Risiti za Dodoma hazijaguswa na mtu. Mwandishi amenuna, maana anajua aliwaandikia wote.

Hakuna mvivu katika kisa hiki. Barua pepe ya kazi hutumwa ili kazi itoke mkono mmoja iingie mwingine, na kazi haijapokelewa mpaka ijulikane nani anaifanya, anafanya nini hasa, na lini. Barua ile haina hata kimoja kati ya hivyo vitatu, ila imevifunika kwa lugha nzuri kiasi kwamba hata mwandishi hakuona kuwa havimo.

Jalada lilikuwa moja, vikasha ni sita

Lugha hiyo tumeirithi kutoka kwenye barua rasmi na masijala. "Lifanyiwe kazi", "lishughulikiwe", "aione kwenye jalada" ni maneno yaliyofanya kazi vizuri enzi za karatasi, kwa sababu moja ambayo tunaisahau: jalada lilikuwa moja. Likikaa mezani kwako, halipo mezani kwa mwingine. Mkubwa akiandika kwenye dokezo "lishughulikiwe", kila mtu alijua nani anashughulikia: yule ambaye karani wa masijala amempelekea. Kauli ya kutendwa haikuhitaji mtenda, kwa kuwa jalada lenyewe lilimtaja.

Barua pepe haina meza moja. Inatua kwenye vikasha sita vya barua (inbox) kwa sekunde ileile, na kila mmoja anawaona wenzake watano kwenye mstari wa juu. Wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walionyesha mwaka 1968 kinachotokea hapo. Mwanafunzi aliwekwa chumbani peke yake, akasikia kwa vipokea sauti vya masikioni mwenzake akishikwa na kifafa. Kati ya waliodhani wao ndio pekee wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijaisha. Kati ya waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31. Mwaka 2002 Greg Barron na Eldad Yechiam walijaribu jambo linalofanana na hilo kwa barua pepe zenyewe, wakakuta kwamba ombi lililotumwa kwa mtu mmoja hujibiwa zaidi, na kwa msaada wa maana zaidi, kuliko ombi lilelile likitumwa kwa kundi. Ikiwa mtu hukaa kitini mwenzake akiugua, tusishangae risiti za Dodoma kukaa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya sarufi. Kila unapoandika "-we" au "-ishwe" mwishoni mwa kitenzi cha kazi, simama uulize "na nani?" "Risiti zikusanywe" iwe "Mhasibu akusanye risiti". Kama hujui nani anapaswa kuifanya, basi hilo ndilo swali la kuuliza kwanza, na aulizwe mtu mmoja: mkuu wa idara. Usiwatumie sita ukitumaini mmoja atajitokeza.

Vitenzi vinavyosema kila kitu na visivyosema kitu

"Naomba uiangalie." Uangalie nini? Mpokeaji anaweza kuelewa mambo manne tofauti: asome ili ajue, asahihishe lugha, ahakiki takwimu, au aidhinishe. Aliyerekebisha koma aliangalia kweli. Meneja naye aliangalia. Wote wametii.

"Kufuatilia" ni ndugu yake. Mtu anaweza kufuatilia malipo kwa mwezi mzima na bado asiwe na kitu mkononi, kwa sababu neno hilo halina mwisho. Kitenzi kizuri cha kazi ni kile ambacho ukikisoma unajua kazi itakapokuwa imekwisha itaonekanaje. "Fuatilia malipo ya mkandarasi" iwe "Mpigie mhasibu wa mkandarasi, uliza ankara ilipokelewa tarehe ngapi, unitumie tarehe hiyo". "Shughulikia ukumbi" iwe "Leta bei za kumbi mbili za watu 40, pamoja na chai ya asubuhi". Sentensi inarefuka kwa maneno machache, na inaokoa barua tatu za kuulizana.

Ukitaka kipimo cha haraka: mfikirie mfanyakazi aliyeajiriwa jana, asiyejua historia ya jambo hilo. Je, anaweza kuanza kazi kwa kusoma sentensi yako tu? Kama lazima akuulize, mwenyeji naye anakisia, ila anaona haya kuuliza.

Saa tatu ipi?

Hapa ndipo ofisi zetu zina tatizo ambalo vitabu vya ughaibuni kuhusu barua pepe haviligusi. Tunaandika kwa lugha mbili zenye saa mbili. "Saa 3 asubuhi" kwenye maelezo ni 09:00 kwenye kalenda ya kompyuta. Mtu aliyezoea Kiingereza akisoma "saa 3" haraka huona 3:00, na programu za kutafsiri nazo huweza kuitoa hivyohivyo. Kinyume chake, mwenye mwaliko wa kalenda ulioandikwa 9:00 akiusoma kwa Kiswahili anaona saa 9, yaani alasiri. Tofauti ni saa 6 sikuzote, kwa hiyo kosa halijifichi: unakosa kikao kizima.

Andika zote mbili, na kwa mpangilio huu: "saa 3 asubuhi (09:00)", "saa 9 alasiri (15:00)". Sifuri ya mbele ina kazi yake. "9:00" peke yake inaweza kuwa saa ya lugha yoyote kati ya hizo mbili, lakini hakuna Mswahili anayeandika saa yake na sifuri mbele, wala saa ya Kiswahili haivuki 12, hivyo 15:00 haina utata. Kama kuna mwenzenu Kigali, Bujumbura au Lubumbashi, ongeza "saa za Dar", maana wao wako nyuma kwa saa moja.

Usiku wa manane ni mtego mwingine. "Mwisho ni Ijumaa saa 6 usiku" ina tafsiri mbili hata kwa watu wanaozungumza Kiswahili kitupu. Kwa hesabu ya kwetu siku huanza jua linapozama, na wazee wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wana maana ya ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kwenye kalenda ya ukutani bado ni Alhamisi. Kompyuta nayo huiita dakika ileile 00:00 ya siku inayoanza. Usiweke kikomo usiku wa manane. Weka saa 11 jioni (17:00), watu wakiwa bado mezani na simu zikipokewa.

Na maneno yanayohesabu kuanzia "leo" yana ubaya wake: "kesho" huhama pamoja na msomaji. Umeandika Ijumaa jioni, mwenzako amefungua Jumatatu, kesho yake ni Jumanne. "Keshokutwa", "wiki ijayo" na "ndani ya wiki" ni vivyo hivyo. "Jumatatu ijayo" ikiandikwa siku ya Ijumaa hugawa ofisi katikati: nusu wanaona ile ya siku tatu mbele, nusu wanaona ya wiki moja baada ya hiyo. Andika siku na tarehe kwa pamoja, "Alhamisi 14 Agosti". Ukikosea kimoja, kingine kitakuumbua, na msomaji atauliza. Mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu 03/04 ni 3 Aprili kwetu na ni 4 Machi kwa Mmarekani na kwa kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani. Kama mna ofisi nchi mbili, tazama sikukuu kabla ya kupanga: Nane Nane inafunga ofisi Tanzania, Nairobi wako kazini.

Adabu na mahali pake

Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio kuhusu sauti inayopotea kwenye barua pepe. Watu walituma sentensi, nyingine za kweli, nyingine za kejeli, wakatabiri wapokeaji watatambua ngapi. Walitarajia 78 kwa kila 100. Waliozisoma kwenye barua pepe walipatia 56, ambayo haiko mbali na kurusha shilingi juu. Waliozisikia kwa sauti walipatia 73. Sababu ni kwamba mwandishi huandika huku akijisikia mwenyewe kichwani, na hawezi kuisoma barua yake bila sauti hiyo. Msomaji hanayo.

Kiswahili kina sehemu zake zinazochoma. "Mbona hujaleta ripoti?" ana kwa ana, kwa tabasamu, ni utani. Kwenye kioo ni shutuma. "Unakumbushwa kuwasilisha" inasomeka kama samansi ya mahakama. "Kama nilivyokwisha kukueleza" humwambia mtu kwamba hasikii. Njia rahisi ni kukifanya kitu ndicho kiima cha sentensi badala ya mtu: "Ripoti haijanifikia" inasema jambo lilelile na "hujaleta ripoti", lakini inaacha mlango wazi, maana huenda aliituma ikakwama. Zingatia kwamba huu ni mwendo wa kinyume na ule wa kugawa kazi. Ukigawa kazi, mtaje mtu. Ukieleza upungufu, kitaje kitu.

Salamu usiiondoe. Washauri wa uandishi wa Kizungu husema ingia kwenye hoja moja kwa moja, na ukifuata hilo kwa mkubwa wako utaonekana una kiburi. "Habari za kazi, Mzee" ni maneno manne. Mstari mmoja unatosha, kisha hoja. Kinachochosha ni salamu inayotumwa peke yake na kusubiri kuitikiwa, mtindo uliohamia kutoka WhatsApp.

Ila adabu isiingie kwenye tarehe. "Ukipata nafasi", "usijali kama una mambo mengi", "hata wiki ijayo si mbaya": msomaji huyachukua yalivyo, na ana haki. Weka upole kwenye "naomba", uache tarehe ikiwa kavu. "Naomba unitumie jedwali kufikia Jumatano 13 Agosti, saa 10 jioni (16:00)" haimkwazi mtu.

Kwa, Nakala, na ile ya siri

Kati ya sehemu hizi tatu za anwani (To, Cc na Bcc), mbili za mwisho zinatokana na karatasi ya kaboni iliyowekwa chini ya karatasi ya taipureta kutoa kopi, na desturi inayofaa ni ileile ya zamani. Aliye kwenye "Kwa" ana kazi. Aliye kwenye "Nakala" anaarifiwa tu, kama yule wa "aione kwenye jalada". Ofisi ikikubaliana hivyo na kushika msimamo, mtu anaweza kuchuja kikasha chake: barua ambazo yumo kwenye nakala tu ziende kwenye lebo yake, azisome jioni. Msimamo ukilegea, uchujaji huo unakuwa hatari, kwa hiyo bora kutouanza kuliko kuufuata nusu.

Nakala kwa bosi ina maana yake hapa kwetu, na kila mtu anaijua: umeshtakiwa. Ukiwa na sababu ya kweli ya kumwingiza, sema kwenye mstari wa kwanza: "Nimemweka Meneja kwenye nakala kwa kuwa bei imezidi kiwango ninachoruhusiwa kuidhinisha." Ukimwingiza katikati ya mazungumzo bila neno, mwenzako ataacha kujadili kazi na kuanza kujitetea.

Nakala fiche ifae jambo moja: tangazo kwa watu wengi wasiojuana, ili anwani zao zisianikwe. Hapo ni zaidi ya adabu. Anwani ni taarifa binafsi, na Kenya (2019) na Tanzania (2022) zote zina sheria za kuzilinda. Usiitumie kumchungulisha mtu mazungumzo ya wengine. Akijisahau akabonyeza "jibu wote", kila mtu atajua alikuwa dirishani.

Kichwa cha habari na mnyororo

Simu nyingi huonyesha herufi 30 hadi 40 za mwanzo za kichwa. "YAH: OMBI LA TAARIFA KUHUSU..." inazimaliza kabla ya kusema jambo. Anza na kinachotakiwa, kisha siku, kisha jambo: "IDHINI, Alh 14 Ago: bajeti ya Dodoma". Maneno matatu ya kuanzia yanatosha ofisi nzima: IDHINI, KAZI, TAARIFA.

Barua huunganishwa kwenye mnyororo kwa alama zilizofichwa: kila ujumbe una namba yake ya utambulisho, na jibu hubeba namba ya ujumbe unaojibiwa. Gmail hutazama na kichwa pia, ukikibadilisha inafungua mazungumzo mapya. Mnyororo ukizidi barua 100 nao hukatwa. Hapo yanatoka mambo mawili ya kufuata. Jambo likiwa lilelile, usiguse kichwa. Jambo likiwa jipya, usijibu juu ya barua ya zamani eti kwa sababu anwani zimo tayari. Suala la gari likijadiliwa chini ya kichwa "Mafunzo ya Machi", Septemba hakuna atakayelipata. Na kabla ya kujibu, teremka hadi barua ya mwisho. Anayejibu ya pili wakati imeshafika ya tano anazaa tawi, na nusu ya watu watafuata tawi lake.

Ukisambaza mnyororo mrefu kwa "tafadhali soma hapa chini", umempa mwenzako kazi ya utafiti. Mpe mistari mitatu juu: jambo ni nini, limefikia wapi, unataka nini kwake.

Barua ileile, mara ya pili

Risiti za Dodoma zimeondolewa. Zimeandikiwa barua yake, kwa mtu mmoja. Iliyobaki:

KAZI, Jtn 13 na Alh 14 Ago: ripoti ya robo ya pili
"Habari za kazi. Ripoti inaondoka Ijumaa 15 Agosti, saa 4 asubuhi (10:00). Kabla ya hapo naomba:
Mhasibu: linganisha jumla za jedwali la ukurasa wa 7 na daftari la fedha. Nijibu 'zinalingana' au taja mistari isiyolingana. Jumatano 13, saa 10 jioni (16:00).
Afisa Miradi: jaza idadi ya wanufaika ukurasa wa 4, nafasi mbili zenye rangi ya njano. Muda huohuo.
Meneja: kubali au kataa aya ya 3, ukurasa wa 9 (kuongeza mradi miezi 2). Alhamisi 14, saa 9 alasiri (15:00). Nisipopata jibu nitaiondoa aya hiyo.
Tufanye marekebisho ndani ya faili lililo kwenye kiungo, tusipakue nakala. Mlio kwenye nakala hamna cha kufanya."

Ule mstari wa "nisipopata jibu" ndio unaookoa Ijumaa. Utumie pale ambapo hatua utakayochukua iko ndani ya mamlaka yako na inaweza kurudishwa nyuma. Kwenye fedha, mikataba na ajira, ukimya haujawa kibali.

Jibu nalo lina namna yake. "Sawa" inaweza kuwa nimepokea, nimeelewa, au nitafanya kwa tarehe uliyosema. "Imepokelewa. Nitaleta Jumatano saa 10 jioni" inafunga jambo. Kama huwezi tarehe hiyo, sema siku hiyohiyo na utaje yako. Tarehe inayokataliwa mapema hupangwa upya bila ugomvi. Na mkishaandikiana mara tatu bila kuelewana, pigeni simu. Mkimaliza, mmoja aandike jioni hiyo: "Kwa kumbukumbu, tumekubaliana kwa simu kwamba..." Fanya hivyo pia kwa maamuzi ya kundi la WhatsApp, ambako uamuzi huzama chini ya picha za harusi. Maandishi hayo yana uzito: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inazuia ushahidi kukataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Kutoka kikashani hadi kwenye orodha

Kikasha hupanga kazi kwa saa ya kuingia. Kilichofika mwisho kinakaa juu, hata kikiwa tangazo la keki ya mtu anayeaga. Tena barua moja huweza kubeba kazi tatu, na alama ya "haijasomwa" huondoka ukishaigusa, kazi ikiwa bado. Ndiyo maana anayetumia kikasha kama orodha ya kazi hupitia barua zilezile mara tano kwa siku, akijikumbusha kila mara.

Fungua kwa vipindi, tuseme saa 3 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni, na uzime milio katikati. Anayekuhitaji kwa dharura atapiga. Kila barua unayoifungua iondoke na uamuzi. Inayohitaji chini ya dakika 2, imalize hapohapo. Ya taarifa tu, iweke kwenye kumbukumbu; huhitaji majalada arobaini, utafutaji utaipata kwa neno. Inayohitaji kazi, iandike kwenye orodha yako kwa maneno yako, kuanzia na kitenzi: si "RE: FW: Mkutano" bali "Pigia kumbi mbili, uliza bei ya watu 40, Jumanne 19". Kichwa alichoandika mwenzako kinaeleza haja yake. Wewe unahitaji hatua yako.

Watu wengi husahau upande wa pili: kazi walizowapa wengine. Tengeneza lebo moja iitwayo "Nasubiri". Ukituma ombi lenye tarehe, libandike lebo hiyo palepale. Gmail inaruhusu kufanya hivyo kwenye vitone vitatu vya dirisha la kuandikia. Kila Ijumaa saa 8 mchana ipitie. Iliyojibiwa itoe, iliyopitwa na tarehe ikumbushie kwa mstari mmoja juu ya barua ileile, ili historia ibaki chini yake. Kwa kazi ya siku moja mahususi kuna kitufe cha kuahirisha: barua inatoweka kikashani na kurudi juu siku uliyotaja, kama karani wa masijala alivyolirudisha jalada mezani tarehe iliyoandikwa. Iahirishe hadi siku moja kabla ya kikomo, usiiahirishe hadi kikomo chenyewe.

Viambatisho na vidole vya haraka

Gmail inakubali MB 25, seva nyingine hukomea 10. Faili likisafiri kwa barua pepe kila baiti 3 hugeuzwa kuwa herufi 4, kwa hiyo linavimba kwa theluthi moja hivi, na faili la MB 9 linaweza kukataliwa na seva ya MB 10. Likipita MB 7, tuma kiungo. Na ukituma kiungo, kifungue kwanza kwenye dirisha fiche (incognito) la kivinjari. Kwa hati inayoruhusiwa kuonwa na yeyote mwenye kiungo, ukitakiwa kuingia kwa akaunti au "kuomba ruhusa", na wao watakwama hivyohivyo, saa 5 usiku, wewe umelala. Hati ya siri igawe kwa anwani za watu waliotajwa tu, na umwombe mmoja wao aijaribu mapema. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, 2025-08-13_ripoti-robo2, yatajipanga yenyewe na hakuna atakayehitaji "mwisho kabisa".

Andika kinyumenyume: ambatanisha kwanza, andika maelezo, kisha kichwa, anwani mwisho. Barua isiyo na anwani haiwezi kuponyoka. Katika Gmail panda hadi sekunde 30 kwenye mpangilio wa kutengua utumaji. Unaoanza nao ni sekunde 5, hazitoshi hata kushtuka. Outlook ya kompyuta ya toleo la zamani (classic) inaweza kuchelewesha kila barua hadi dakika 120 kwa kanuni unayoiweka mwenyewe, lakini kitufe chake cha kurudisha barua hufanya kazi ndani ya taasisi yenu tu. Kilichokwenda kwa mteja kimekwenda.

Anwani za pamoja, kama manunuzi@ au info@, zinarudisha tatizo la vikasha sita kwa nguvu zaidi, kwa kuwa hata jina la mpokeaji halipo. Weka zamu ya wiki kwa mtu mmoja. Kila barua iliyosomwa ipate lebo yenye cheo cha mtu anayeichukua, na isiyo na lebo baada ya saa 4 za kazi ni ya mwenye zamu. Vivyo hivyo kwa ujumbe wa kujijibu wakati wa likizo: utaje nani anashika nafasi yako, kwa mambo gani, na kama unarudi Jumatatu, iwe Jumatatu ya tarehe ngapi.